Mshipa wa Nkuba

Mguu wa kushoto wa Nkuba ulitangulia kufa, mwenyewe akabaki nyuma akiufukuzia. Naanza na hilo, maana nikianza na uzuri wake mtadhani nawapa habari za harusi.

Huyu Nkuba alikuwa mkwe wangu. Binti yake Ng'washi ameolewa na mwanangu Asukile, hapa hapa Ilomba. Mimi, mama yake Asukile, ni Mnyakyusa wa migombani, yeye Msukuma wa ng'ombe. Watoto ndio waliotukutanisha, na sisi wazee tukabaki na utani wetu. Nkuba kwa lugha ya kwao ni radi. Alipohama Maswa kuja Usangu kutafuta majani, ng'ombe wake wa mbele walikuwa wameshakunywa maji ya Ruaha wakati wale wa nyuma bado wanasukumana mlangoni mwa zizi huko Maswa. Cheka tu. Shule sikwenda, kuhesabu sijui. Nawaambia nilivyoona kwa masikio yangu.

Alikuwa mrefu, mkavu, na kiko hakikumtoka mdomoni hata akiwa anakula. Kilikuwa kiko kipana hivi kwamba mvua ikinyesha aliweza kujikinga nacho. Lakini kazi iliyompa jina pale bondeni ilikuwa kuhasi madume. Walimwita toka Igurusi mpaka Utengule. Hakupasua, hakumwaga damu. Dume likishalazwa na kufungwa kamba, alitafuta ule mshipa wa uzazi kwa vidole, akaulaza juu ya kipande cha mti, akaugonga kwa nyundo ya mti, taratibu, mpaka ukapondeka. Dume lililokuwa likivunja mazizi usiku na mchana, baada ya hapo linavuta plau kwa adabu ya mkwe mpya. Hilo sasa ni maksai. Na Nkuba alipomaliza hakucheka kamwe. Alilipigapiga shingoni kama anayetoa pole.

Mwaka ule treni ya Wachina ilipoanza kupita hapa Mbeya, ndipo watu wa Usangu walipoona mzee anasimama ovyo njiani. Anatembea nyuma ya ng'ombe, mara anasimama. Anatazama mbinguni. Kisha anaendelea, mpaka kichaka kingine, anasimama tena, anatazama mbinguni. Wakamheshimu zaidi. Wengine wakaanza kumwuliza mvua itanyesha lini. Hawakujua kwamba nyama ya mguu, pale nyuma chini ya goti, ilikuwa inabanwa kama kwa koleo, na akisimama kidogo inaachia. Radi nzima ilikuwa inaombaomba ruhusa ya kutembea.

Baadaye maumivu yakamfuata mpaka kitandani. Akawa analala mguu umening'inia nje ya kitanda, maana ukining'inia ulimpa nafuu. Mkewe Mbuke, mwanamke asiyesema mpaka aulizwe mara ya pili, ndiye aliyejua kabla ya wote. Alimwambia Ng'washi kwamba mguu wa mumewe ukimgusa kitandani ni kama kuguswa na chura wa kisimani.

Kisha mwiba. Mwiba mdogo tu, kwenye kidole gumba cha mguu uleule. Nkuba aliuchomoa kwa meno ya kibanio, akasahau. Kidole hakikusahau. Kikapasuka, kikakataa kupona, kikaanza kuwa cheusi kuanzia nchani. Ng'washi aliposikia akatuma neno, baba yake akaletwa Ilomba, na mimi ndiye niliyemfungulia kitambaa. Nimeona vidonda katika maisha yangu, vya panga, vya moto, vya mamba wa Kiwira aliyetafuna mtu akamrudisha kwa sababu ya uchungu wa nyama. Hiki hakikutoa damu. Nilikibonyeza, hakikutoa hata tone. Kidonda kinachotoa damu kinalia, na kinacholia unaweza kukibembeleza. Kile kilikuwa kimenyamaza.

Asukile akampeleka hospitali ya mjini. Mwanangu alisoma, alikuwa karani wa stoo huko relini, kwa hiyo tulimwona ndiye mtu wa kuzungumza na madaktari. Daktari mwenyewe alikuwa mgeni, Mzungu mwenye Kiswahili cha kujifunzia kitabuni. Niliyasikia yaliyotokea mle ndani baadaye sana, mara moja kutoka kwa Nkuba na mara moja kutoka kwa Asukile, na kwa bahati mbaya wote wawili walisema kweli.

Daktari aliweka vidole juu ya wayo, pale mgongoni mwa mguu, akatulia. Akaweka nyuma ya goti, akatulia. Akapanda. Akaingiza vidole kinenani, pale paja linapopakana na mambo mengine, akabonyeza, akatikisa kichwa. Asukile alikuwa ameshageukia ukuta. Kwetu sisi, na kwao vilevile, mkwe hakodolei macho wakati baba wa mkewe anashikwa mahali kama hapo. Hata hewa ya chumba kile aliivuta kwa heshima.

Daktari akasema, "Mzee, mshipa mbaya. Mshipa umeziba. Lazima kupasua mshipa."

Ninyi mliosoma mnajua mshipa ni njia ya damu. Lakini huku kwetu mwanamume akisemwa ana mshipa, watoto wanatolewa nje. Mshipa ni ngiri, mshipa ni busha, mshipa ni ile mizigo ambayo mtu hutembea nayo miguu kapanua. Na kwa Nkuba mshipa ulikuwa ni kitu kimoja tu duniani, kile anachokilaza juu ya kipande cha mti.

Akamwuliza mkwewe, "Amesema mshipa?"

"Amesema mshipa, baba," Asukile akajibu, uso bado ukutani.

Basi. Mkwe akiongeza neno hapo atalazimika kutaja ni wapi, na akitaja ni wapi ameshamvua mzee nguo kwa mdomo. Asukile aliamini mzee ameelewa. Mzee aliamini kijana ameelewa. Walirudi nyumbani kimya, Nkuba akanywa uji, akanishukuru, akasema daktari wa mjini hana dawa ya kidole. Kesho yake akapanda gari kurudi Usangu, na sisi tukamwacha aende.

Mvua zikaja, mpunga ukaota, na habari zikawa zinatufikia kidogo kidogo, kila moja mbaya kuliko iliyotangulia. Mguu umekuwa mwekundu ukining'inia, mweupe ukiinuliwa. Kidole cha pili nacho kimekuwa cheusi. Kile cha kwanza kimeanguka chenyewe asubuhi moja, kikavu, kama kitovu cha mtoto, na Mbuke amekifunga kwenye kitambaa na hasemi amekiweka wapi. Nzi wanamfuata mzee hata kwenye baridi. Na mbwa wake, yule mbwa aliyezeeka naye, haondoki tena miguuni pake. Amelala hapo kutwa nzima, anamtazama, anajilamba midomo. Habari ya mbwa ndiyo iliyonikosesha chakula.

Walimleta kwa mkokoteni wa ng'ombe mpaka barabara ya lami, toka hapo kwa lori. Alipoingizwa ndani kwetu, harufu iliingia kwanza, ikachagua mahali pa kukaa. Nikamtoa kila mtu nje, Mbuke akabaki amekaa kwenye kona.

"Mkwe wangu, unaoza," nikamwambia. "Hospitali hukurudi kwa nini?"

"Mayu," akasema, maana ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama, "wewe mwanamke. Hayo hayakuhusu."

"Nimezaa watoto, nimeosha maiti za wanaume wa kila umbo. Una kitu gani ambacho sijakiona?"

Akatazama mlango kuhakikisha Asukile hayupo. Akainamisha kichwa karibu yangu.

"Wanataka kunifanya maksai."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika ukuta, na nilipovuta pumzi ya kuchekea tena nikavuta ile harufu, nikaacha. Yeye hakuwa anacheka. Akasema mguu ndio unaouma lakini wao wameshika huku. Ameuliza, wamesema mshipa, na Asukile amesikia. Akasema amehasi madume tangu hajaota ndevu, na hakuna dume hata moja lililowahi kumwambia asante. Kama ni kufa, atakufa dume.

Nikamwita Asukile aje asimame nje ya mlango, asiingie. Nikamwuliza kwa sauti daktari alisema mshipa upi.

"Wa damu, mama. Njia ya damu iendayo mguuni. Imeziba kama bomba."

"Na hukumwambia?"

Mwanangu mwenye elimu akasema huko nje, "Ningeanzia wapi, mama?"

Nikamweleza Nkuba kwa lugha ya Usangu. Nikamwambia mwilini kuna mfereji mkuu na mifereji midogo, kama ile ya kupeleka maji kwenye majaruba ya mpunga. Mfereji wako umejaa tope pale pajani, jaruba la chini limekauka, ndiyo maana kidole kimenyauka kama mche. Yule daktari alikuwa anatafuta maji yanaishia wapi. Hakuwa na haja na madume yako.

Alikaa akiutazama mguu wake.

"Kwa hiyo miezi yote hii," akasema, asimalizie.

Hospitali ya mjini wakasema sasa mambo yamekuwa makubwa, ila upande wa Iringa kuna hospitali yenye daktari wa upasuaji anayeweza kujaribu. Tukaenda, Nkuba, Mbuke, Asukile na mimi. Ndani ya basi watu walihama viti kimya kimya, tukabaki na nyuma yote peke yetu kama mabalozi. Makambako upepo uliingia kwenye nyufa za madirisha, nikamfunika mzee mguu kwa kitenge changu, naye akasema nisijisumbue, mguu ule hausikii baridi tena. Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Daktari wa kule aliitwa Liberatus. Mtu mpole, mwenye mikono mirefu, anayesikiliza mpaka umalize. Nilimvizia mlangoni kabla hajamfikia mgonjwa, nikamwambia, "Mwanangu, humo ndani neno mshipa usilitamke." Nikamweleza sababu. Hakucheka mbele yangu, na kwa hilo nilimpenda. Akaingia, akazungumza habari za mfereji.

Alisema atachukua njia nyingine ya damu kutoka mguu huohuo, ile isiyo na kazi kubwa, aigeuze ya juu iwe chini, aishone pembeni ya pale palipoziba ili damu ipite kando. Ikikubali, vidole vilivyokufa vitatolewa na mguu utabaki. Ikikataa, mguu utakatwa juu ya goti, la sivyo sumu itapanda. Kisha akasema jambo ambalo sikulipenda, na akalisema akiwa ananitazama mimi. Kwamba mzee wa umri ule, mwenye kifua cha moshi wa kiko na moyo uliochoka, anaweza kulala kwenye nusukaputi asiamke. Au akaamka mtu mwingine.

Nkuba akasema, "Fungua mfereji. Lakini kukata, uniulize mimi mwenyewe, nikiwa na akili yangu. Usimwulize mwingine."

"Nitakuuliza, mzee," Liberatus akasema.

Mbuke alikuwa hapo akisikia. Mimi nilikuwa hapo. Lile neno lilikaa katikati yetu kama kigingi.

Walikaa naye chumba cha upasuaji mpaka jua likazunguka upande wa pili wa jengo. Walipomtoa, nesi Evarista, binti wa Kilolo mwenye mikono ya kukamulia, aliweka vidole mgongoni mwa ule mguu, akatutazama, akasema uko moto, damu imeshuka. Mbuke akainama, akalaza shavu lake juu ya mguu wa mumewe mbele ya wodi nzima. Alikaa hivyo mpaka Evarista akamwinua taratibu.

Nkuba aliamka, lakini aliamkia Maswa. Alikuwa anahamisha ng'ombe. Alimwita Evarista kwa jina la ng'ombe wake mweupe, akamwomba asimpige teke. Akavuta mpira wa dripu akidhani ni kamba ya ndama. Wagonjwa wa jirani walicheka, na mimi nilicheka nao, nikaongeza na uongo wangu kidogo. Evarista hakucheka. Alisema wazee huwa hivyo baada ya nusukaputi, wengine hurudi, akaachia hapo. Kifua cha mzee kikaanza kukoroma kama chungu cha makande. Na kila alipopita, Evarista aliweka vidole mgongoni mwa mguu, akaenda zake. Nikamwuliza anatafuta nini, akanishika vidole vyangu akaviweka hapo, nikasikia damu inagonga, kidogo, kama kifaranga ndani ya yai.

Asubuhi moja aliweka vidole asiviondoe. Akavisogeza. Akavisogeza tena. Hakututazama. Akamwita daktari kwa sauti ya chini, na hospitalini sauti ya chini ni mbaya kuliko kelele.

Damu ilikuwa imeganda ndani ya ule mfereji mpya. Liberatus alimfungua tena, akaitoa, ikapita, na kufika jioni ikaganda tena. Asubuhi iliyofuata mguu ulikuwa na rangi ya jiwe la mtoni, na madoa ya zambarau yanapanda kuelekea goti. Homa ikampanda mzee. Daktari akatuita nje, akasema akikata leo kuna nafasi, akichelewa mpaka jua lizame hana la kufanya. Lakini aliahidi kumwuliza mwenyewe, na mwenyewe yuko njiani na ng'ombe.

Seni, mwanawe mkubwa, alikuwa Usangu na mifugo, hakuna namna ya kumpata. Daktari akamwuliza Mbuke kama atakubali kwa niaba ya mumewe.

"Alisema aulizwe yeye," Mbuke akajibu.

Nikamwambia, mama, atakufa. Akajibu lilelile. Sikumlaumu. Mtu aliyeishi na radi anajua kwamba neno likishatoka halichezewi.

Akaingia ndani, akaketi kichwani pa mumewe, akaanza kusema naye Kisukuma. Mwanamke yule ambaye sikuwahi kumsikia akisema sentensi mbili zikifuatana. Kisukuma sikijui vizuri, lakini nilielewa alichokuwa anafanya. Alikuwa anarudisha ng'ombe nyumbani. Alimtajia mmoja mmoja, kwa rangi na kwa pembe, huyu ameingia, na huyu ameingia. Nkuba akauliza habari ya mmoja, kwa wasiwasi, akijaribu kuinuka. Mbuke akamwambia naye ameingia, na ndama wake. Wote wamo. Funga lango. Na mzee akanyoosha mkono hewani, akavuta gogo lisiloonekana, akalikaza. Kisha akashusha pumzi ndefu na macho yake yakarudi pale kitandani. Akatuona.

Mbuke akamtazama Asukile. Daktari alikuwa hapo, angeweza kusema yeye, lakini Mbuke alimtazama Asukile.

Mwanangu akasogea. "Baba," akasema, macho kwa macho, "mfereji umeziba tena. Wanataka kukata mguu. Hapa." Akaweka kiganja juu ya paja la mkwewe, juu kabisa. Mimi nikatazama chini.

"Nikikataa?" Nkuba akauliza.

"Utakufa."

"Nikikubali?"

"Labda utakufa."

Mzee akayatafuna maneno yale. Kifua kinakoroma, jasho linamtiririka.

"Hilo la pili lina labda," akasema. "La kwanza halina. Kateni."

Wakakata. Mbuke alitaka kuonyeshwa mguu umefukiwa wapi, akapelekwa nyuma ya majengo, akasimama hapo peke yake muda mrefu. Nkuba aliponea tundu la sindano. Kifua kilimsumbua, kidonda cha pajani kilitoa usaha majuma na majuma, na baadhi ya mambo ya jana hakuyakumbuka tena. Lakini alijua jina lake, alijua ng'ombe wake. Tulimrudisha Ilomba akakaa nasi, maana tope la Usangu na magongo havipatani. Seni akashika mifugo. Kiko Mbuke alikitumbukiza chooni, na Nkuba akawa ananusa moshi wa majirani.

Mguu uliokatwa haukumwacha. Alikuwa anajikuna hewani, pale ambapo hakuna kitu. Aliniambia siafu wanautembelea huko Iringa. Niliwahi kudanganya watu mambo mengi, lakini sikuwahi kubuni jambo kama hilo, na nilipomtazama niliona hasimulii hadithi.

Ilikuwa mwezi wa kumi, joto la vumbi, sisi wote tumekaa barazani tumevua makoti. Nkuba akanyoosha mguu wa kulia, huu uliobaki, akauweka juu ya kigoda mbele yangu.

"Mayu, shika hapa."

Nikashika. Nikatafuta mahali alipokuwa akitafuta Evarista. Nikasogeza vidole. Nikasogeza tena. Kile kifaranga sikukisikia.

"Unapata?"

"Vidole vyangu vimezeeka," nikamwambia. "Tumwite Asukile."

Asukile akatoka ndani, akapiga magoti, akaweka vidole vyake, akakaa navyo hapo. Jogoo wa jirani aliwika mara kadhaa. Mwanangu akainuka, akavaa viatu, akaelekea stendi kuulizia basi la Iringa.

Nkuba hakumwuliza anakwenda wapi. Alimwambia Mbuke amtolee lile koti zito, Makambako kuna upepo.